Mlipa Kodi na Haki ya Kuulizwa

Neno hongo lina historia inayomstahili kila mtu aliyekabidhiwa daftari la mapato ya umma. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyopita Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa nchi ile, nguo na shanga, ili ipewe njia na maji. Yalikuwa malipo ya wazi, yaliyopatanwa mbele ya watu, pengine kwa siku kadhaa. Leo neno hilohilo ni jina la fedha itolewayo gizani. Malipo yakikosa mapatano na mashahidi, hata jina lake huharibika.

Swali letu ni hili: je, kodi ambayo mlipaji hakupata kuulizwa habari zake ni deni juu yake, au ni nguvu tu iliyovikwa sheria?

Wazee wetu walilijibu kwa njia yao. Serikali ya Wajerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, hakuna aliyetakwa shauri, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Uhuru ulipokuja, chuki ile haikuondoka na mkoloni.

Taifa letu nalo limepanda na kushuka katika jambo hili. Mwaka 1972, kwa jina la madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Madaraka yaliyokusudiwa kumsogelea mwananchi yakaishia mezani kwa watumishi kama sisi. Halmashauri zilirudi mwaka 1984, chini ya sheria za 1982, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba kufuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia. Ilirudi pia kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Wengi wakumbuka mgambo wa alfajiri. Mtu asiyemkimbia chui alimkimbia mwandika stakabadhi.

Alikimbia nini hasa? Si kiasi cha fedha peke yake. Mtu huyohuyo alichota mchanga na kufyatua matofali ya shule, kwa kuwa aliuona ukuta ukipanda. (Tusijidanganye lakini: michango nayo imepata kuwa kodi yenye jina zuri.)

Sheria yetu ni njema. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na humo ndimo mapato na matumizi yapasa kusomwa. Mipango nayo yapaswa kuanzia kijijini, ipite kwenye kata, ifike halmashauri. Lakini tumekaa katika mikutano hiyo. Msomaji wa taarifa huzisoma tarakimu upesi kama mtu anayekimbia mvua, kisha huuliza, "Mnaokubali?" Mikono hupanda. Katika mkutano mmoja mzee aliuliza ushuru wa gulio wa mwaka uliopita ulilala wapi. Akajibiwa kwamba jambo hilo halimo katika ajenda.

Ofisini twapenda kusema kwamba wananchi "wameshirikishwa". Neno hili lachunguza mambo kuliko tunavyodhani. Anayeshiriki hutenda mwenyewe. Anayeshirikishwa hutendewa, na mwenye tendo ni mwingine. Wapo wenzetu wasemao kwamba mkulima hajui hesabu za bajeti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mkulima asiyejua safu za makadirio ajua vizuri ni kisima kipi hukauka mwezi wa Septemba, na bila habari hiyo makadirio yetu ni kubahatisha.

Lililo zito zaidi lipo mbele. Kijiji huomba zahanati, ombi hupanda ngazi hadi likutane na ukomo wa bajeti, nalo hukatwa. Kukatwa si dhuluma, maana fedha ni chache, na sehemu kubwa ya fedha za halmashauri hutoka Serikali Kuu. Dhuluma ni kutorudi kijijini kusema kwamba limekatwa, na kwa nini. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa pamoja na ununuzi wa umeme wa LUKU. Hakuna mgambo wala kukimbia, na hilo ni jema. Ila hakuna pia uso wa kuulizwa swali. Kadiri ukusanyaji unavyokuwa mwepesi, ndivyo wajibu wa kuitisha mkutano unavyozidi.

Na aliyepinga mkutanoni, akashindwa kwa wingi wa mikono? Twaona kwamba huyo anadaiwa sawa na wenzake, kwa sababu alisikilizwa. Ila mkutano wa saa nne asubuhi, wakati wa palizi, humwacha mama aliye shambani na mfugaji aliye malishoni. Hao hawakushindwa kwa hoja. Hawakuulizwa, na juu yao twasita kulitamka neno deni.