Mganga na Aitazame Roho Yake

Mwinjili Luka, ambaye Mtume Paulo amtaja kuwa mganga, asimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu muda wa miaka 12. Marko naye asimulia habari hizo hizo, wala hafichi ya kuwa waganga wengi walimtesa mwanamke yule, mali yake ikaisha, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Neno hilo la kuzidi kuwa mbaya Luka hakuliandika. Yamkini mtu huona uzito kuwasema wenzake wa kazi! Lakini jambo jingine Luka hakuliacha. Mwanamke alipogusa pindo la vazi, Bwana Wetu Yesu Kristu alisimama, kwa kuwa alitambua ya kuwa nguvu zimemtoka. Safari ilikuwa ya haraka, maana binti Yairo alikuwa katika kufa. Makutano walimsonga kila upande, na Petro aliona swali lake ni la ajabu. Hata hivyo alisimama, akauliza, akangoja jibu.

Basi kuponya hutoa kitu ndani ya mwenye kuponya. Mwana wa Mungu mwenyewe alikitambua, seuze mwanadamu.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Watu wengi bado huteka maji ziwani na mitoni, na kwa sababu hiyo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Ugonjwa huo waweza kumwua mtu mwenye nguvu kwa saa chache tu, kwa kuwa maji ya mwili humtoka. Bali mgonjwa akifikishwa mapema, akanyweshwa maji yenye chumvi na sukari, au akatiwa maji mshipani, hupona: katika wagonjwa 100 waliotunzwa vema, ni shida kufa hata mmoja.

Na afikiriwe muuguzi wa zamu ya usiku mahali kama hapo. Mchana uliopita mtoto alimfia mikononi. Akamfunika, akaenda kwenye kitanda kingine, kwa maana hapakuwa na nafasi ya kulia. Jogoo la kwanza lawika, na mama aingia akimbeba mwanawe, nguo zimechafuka. Muuguzi apaza sauti mbele ya watu wote: “Mmekunywa tena maji ya mtoni? Hamna masikio?” Mama anyamaza. Mtoto atunzwa, apona, arudi nyumbani. Baada ya majuma machache jirani wa mama yule ashikwa na ugonjwa usiku. Aambiwa: “Kule watakutukana.” Basi aamua kungoja mapambazuko, nayo mapambazuko yakawia.

Muuguzi hatajua kamwe. Katika daftari lake imeandikwa tu kwamba mtoto alipona.

Mtu huyu si mwovu. Hasira yake haikuwa juu ya mama yule hata kidogo. Ilikuwa huzuni ya mtoto wa jana, ambayo hakuitazama, nayo ikatafuta mlango mwingine wa kutokea.

Huzuni kama hizo si chache katika nchi hii. Huko Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitalini wakawaua wagonjwa vitandani mwao, na wauguzi pamoja nao. Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu wa hospitali ile. Baadaye, mwaka 1999, alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu huisifu kazi ya mikono yake, na ni haki. Lakini mambo ya namna ile hayavuliwi jioni kama vazi la kazi, na wauguzi wengi wa mwambao huu wana Lemera yao isiyoandikwa popote.

Mkatekumeni hufundishwa kuchungua dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Wengi hudhani ni kuhesabu makosa tu, kama mwenye duka ahesabuvyo madeni. Mganga, mkunga na msaidizi wa zahanati wachungue zaidi. Ni mgonjwa yupi aliyeogopa leo kuuliza neno? Ni kifo kipi ambacho hakikuliliwa? Je, aliyesema lugha ya nyumbani alitangulizwa mbele ya yule aliyefika kwanza? Na aliyeleta samaki mkononi, je? Maswali haya huuma, hasa lile la lugha, katika mji ambamo watu wa makabila mengi hulala katika chumba kimoja cha wagonjwa.

Mtakatifu Kamili wa Lellis (1550–1614), msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Tena, alipoajiriwa mara ya kwanza katika hospitali ya Roma, alifukuzwa kwa ajili ya ugomvi na kucheza karata. Alirudi baadaye akijijua.

Yaliyo mazito kupita kiasi mganga ampelekee padri, au mwenzake mwenye busara, asiyabebe peke yake. Lakini muuguzi wa usiku ule, akikumbuka sauti yake, asingoje Jumapili. Mtoto angali kitandani. Amwendee mama asubuhi, mbele ya watu wale wale, amwambie: “Mama, usiku nilikukosea, unisamehe.” Habari hiyo nayo itafika mtaani.