Mwembe Uliochanua Mapema



Mnaopita nyumbani kwetu hapa Dodoma mmeuona mwembe mdogo ulio karibu na jiko. Tuliupanda mwaka juzi, ni wa kubebeshwa, na Julai iliyofuata, ukiwa haujafika kiunoni, ukachanua. Tulifurahi mno, tukawaita majirani waje waone. Kufika Septemba maua yamepukutika, majani yamejikunja, nasi nyumbani tunabishana kama tuung'oe.

Kosa lilikuwa letu. Mwembe wa kubebeshwa huchanua mapema kwa sababu kijiti kilichopachikwa kimetoka kwenye mti mzima. Juu ni mzee, chini ni mtoto. Maua ya miaka ya kwanza yafaa kukatwa, nguvu iende kwenye mizizi. Tena tulikuwa tukiumwagia kikombe cha maji kila jioni. Maji ya kikombe hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu kwenye joto. Hapa kwetu mvua ikiisha Aprili haionekani tena mpaka Novemba au Desemba. Mche usiozamisha mizizi hauvuki. Na samadi? Tulitia mbichi, kwa mapenzi mengi, nayo ikauunguza.

Sasa tunaupa ndoo nzima mara moja kwa juma, polepole. Shinani tumetandaza nyasi kavu, ila zisiguse gome, maana hapo mchwa hupata njia. Upande wa magharibi tumesimamisha mabua ya mtama kuzuia jua la alasiri. Umetoa majani mapya mekundu. Matunda bado.

Katika Luka 13 mwenye shamba alikuwa amengoja matunda ya mtini miaka mitatu. Mtunzaji hakumbishia hesabu, wala hakuahidi kwamba mti utazaa. Aliomba mwaka mmoja, na kazi ya mwaka huo, ya kupalilia na kutia samadi, akajitwika mwenyewe. Nayo Torati, Walawi 19, iliwakataza Waisraeli kula matunda ya mti kwa miaka mitatu ya kwanza. Ya mwaka wa nne yalikuwa ya Bwana, wakala ya mwaka wa tano. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu miaka mingi tulipaswa kulielewa jambo hilo mapema zaidi.

Tunaandika haya kwa ajili ya kijana wetu mmoja. Alipata kipaimara mwaka jana. Kabla mwaka haujaisha tulimfanya katibu wa vijana, mwalimu wa shule ya Jumapili, na mshika fedha za kwaya. Tulimsifu mbele ya watu wote. Nani alikaa naye kusoma Neno? Salamu za mlangoni baada ya ibada ndizo zilizokuwa kikombe chake cha jioni. Sasa ni miezi minne hajaonekana, na katika halmashauri limetolewa wazo la kulifuta jina lake. Jina hilo sisi ndio tulilipendekeza.

Tumeomba jambo hilo lingoje hadi Pasaka ya mwakani. Wazee wawili hawakupendezwa, na tunawaelewa, kwa maana kazi za vijana zimelala. Fedha za kwaya tutazishika sisi kwa sasa. Jumamosi jioni tutakwenda kwao, na anayependa kufuatana nasi akaribie. Daftari la mahudhurio tutaliacha nyumbani.