Shule ya Umma, Umma Gani?

Naandika kutoka Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambao wengi wenu mnaujua zaidi kwa makontena, vitambaa na vipuri kuliko kwa shule zake. Mimi ni mhandisi, si mwalimu wala mwanafalsafa. Lakini nimekaa huku miaka mingi, na kuna swali moja ambalo haliniachi: tunaposema kwamba shule fulani ni ya umma, huo umma ni akina nani? Ni wale wanaoishi mahali hapo? Ni wale walioandikwa katika daftari la mahali hapo? Au ni wale walioonekana kuwa wanastahili? Kwa mtu asiye na mtoto, swali hili ni la mazungumzo ya jioni. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka sita, ni swali la wapi familia yake itaishi, na kama itaishi pamoja.

Kwanza tuone jinsi mambo yalivyopangwa. Guangzhou ina wilaya 11. Juu kuna idara ya elimu ya mji, ambayo huweka utaratibu wa jumla. Kazi yenyewe ya kuendesha shule za msingi na za sekondari ya chini iko zaidi mikononi mwa idara ya elimu ya kila wilaya. Wilaya ndiyo inayochora mipaka: watoto wa mitaa hii waende shule hii, wa mitaa ile waende shule ile. Elimu ya lazima ni miaka 9, yaani sita ya msingi na mitatu ya sekondari ya chini. Mtoto aliyetimiza miaka sita kufikia tarehe 31 Agosti huanza darasa la kwanza mwezi wa Septemba.

Sheria ya Elimu ya Lazima ilitungwa mwaka 1986 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2006. Ukiisoma utaipenda. Inasema hakuna ada, hakuna mtihani wa kuingilia, mtoto asome karibu na kwao, na serikali zisigawe shule kuwa za daraja la juu na za daraja la chini. Tatizo lote limejificha katika neno moja dogo: kwao.

Kila raia wa China ana hukou, yaani uandikishaji wa kaya, utaratibu uliowekwa kisheria mwaka 1958. Hukou ndiyo inayosema kwenu ni wapi, hata kama hujakanyaga huko kwa miaka ishirini. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 18.68 katika Guangzhou, lakini waliokuwa na hukou ya mji huo hawakufika milioni 10. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya watu wa mji huu ni wageni kwa mujibu wa daftari. Hao ndio wanaoshona nguo, wanaojenga maghorofa, wanaopeleka chakula milangoni kwa pikipiki za umeme, na wanaofunga mizigo yetu inayokwenda Dar es Salaam na Mombasa. Wametoka Hunan, Sichuan, Guangxi na kwingineko.

Sheria haikuwasahau. Kifungu cha 12 kinasema kwamba wazazi wakifanya kazi au wakiishi nje ya mahali pa hukou yao, serikali ya pale walipo iwape watoto wao hali sawa ya kupata elimu ya lazima. Halafu kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba namna ya kutekeleza itawekwa na mikoa. Haki imetolewa kwa mkono mmoja, na masharti yakaachwa yaandikwe na mkono mwingine. Hapa Guangzhou masharti hayo yamekuja kwa sura ya pointi, na kila wilaya ina jedwali lake. Mzazi hupimwa: ana kibali cha kuishi kwa miaka mingapi, ana ajira gani, amechangia hifadhi ya jamii kwa muda gani, makazi yake ni ya kudumu au la. Watoto hupangwa foleni kwa pointi za wazazi wao mpaka nafasi zinakwisha. Anayebaki nje hutafuta shule ya binafsi ya bei nafuu, na baadhi ya nafasi huko hulipiwa na serikali. La sivyo, mtoto hurudishwa kijijini kwa bibi yake. Wachina wana jina la watoto hao: liushou ertong, watoto walioachwa nyuma.

Sipendi kuwa mtu wa kulaumu tu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Huko nyuma mtoto wa mgeni alitozwa jiedufei, yaani ada ya kusoma kwa kuazima nafasi, na ada hiyo ilifutwa. Mwaka 2001 serikali kuu iliagiza kwamba watoto hawa wawe jukumu la serikali za mahali walipo, na wapokelewe hasa katika shule za umma. Mwaka 2016 mkoa wa Guangdong ulifungua mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watoto wa wahamiaji waliotimiza masharti. Julai 2017 mji wa Guangzhou ulitangaza mpango wa kuwapa wapangaji wenye sifa zilizotajwa haki ya kuandikisha watoto karibu na wanapoishi, haki ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya wenye nyumba. Tena pointi, pamoja na ubaya wake, ni bora kuliko bahasha na kujuana. Jedwali liko wazi, kila mtu analisoma.

Wapo pia wanaotetea pointi kwa hoja ya haki. Wanasema shule inajengwa kwa fedha za mji, kwa hiyo aliyechangia muda mrefu atangulie. Tena wanauliza: mji ukifungua mlango kwa kila mtu, si watamiminika wote, na shule nzuri zitakufa kwa msongamano? Hoja hii ina uzito. Mimi naipokea nusu na kuikataa nusu.

Naipokea kwa sababu najua kilichotokea kwetu. Katika Tanganyika ya Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa baada ya Uhuru. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania Bara ilifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Kwetu hakuna hukou. Mtoto akihama kutoka Mbozi kwenda Temeke, mzazi hupeleka barua ya uhamisho na mtoto huandikwa. Hakuna anayemhesabia baba yake pointi. Lakini ingia darasani uone. Wapo walimu wa Dar es Salaam wanaokabili watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, na wengine wamekaa chini. Mwenye uwezo keshampeleka wake shule ya binafsi yenye basi la njano. Basi na kwetu mchujo upo, ila unafanywa na mfuko wa mzazi. Huku Guangzhou dawati lipo ila mlango ni mwembamba. Kule kwetu mlango ni mpana ila dawati halipo. Asitokee mtu wa upande wowote akamcheka mwenzake.

Nusu ninayoikataa ni hii. Watu husema "nafasi hazitoshi" kana kwamba wanatoa habari ya mvua. Mhandisi akipewa daraja alichore, jambo la kwanza anauliza mzigo: magari mangapi yatapita, ya tani ngapi? Akipewa idadi ya uongo, hesabu zake zote zinaweza kuwa sahihi na daraja likaanguka. Shule ni hivyo hivyo. Ukipanga madarasa kwa kuhesabu walioandikwa na si wanaoishi, upungufu umeutengeneza kabla tofali la kwanza halijawekwa. Halafu unamwambia mzazi kwamba ni hesabu tu. Si hesabu tu. Kuamua nani ahesabiwe ni jambo la maadili, na linakuja kabla ya hesabu.

Jambo la pili ni kwamba pointi zinampima mzazi lakini anayesubiri matokeo ni mtoto. Mtoto hakuchagua kazi ya baba yake, wala si yeye aliyeamua kwamba mwajiri wa mama yake asipeleke michango ya hifadhi ya jamii. Kama kuna kitu ambacho shule ya umma ilibuniwa kukifanya, ni kumpa mtoto mwanzo ambao hautegemei wazazi wake wana nini. Ikianza kwa kuwapima wazazi, imeigeuza kazi yake.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumkumbusha mgeni wajibu wake. Tuigeuze tuone upande wa mwenyeji. Aliyekwisha kupewa jembe si mgeni tena. Amelima nanyi, amevuna nanyi. Huwezi kumhesabu mwenyeji wakati wa kulima na mgeni wakati wa kula. Mtu aliyefunga mizigo katika mji huu kwa miaka kumi amekwisha kushika jembe, na mtoto wake anastahili kukaa pale wanapokaa watoto wa wenye shamba.

Sasa sisi wenyewe. Kifungu cha 4 cha sheria ile kinatoa haki hiyo kwa watoto wenye uraia wa China. Watoto wetu hawamo. Baadhi ya shule za umma hupokea wageni, lakini haki na hisani ni vitu viwili. Shule za kimataifa zipo, na ada zake mfanyabiashara wa kawaida haziwezi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi tuliufanya wetu, uko katika wilaya ya Yuexiu, wilaya ile ile ambamo kwa miaka mingi wazazi wa Kichina wamekuwa wakinunua vyumba vikuukuu kwa bei za kutisha ili tu wawe ndani ya mpaka wa shule nzuri. Tunapita mbele ya mageti ya shule hizo kila siku. Wenzetu waliooa huku wana mtihani wao: mtoto akiandikwa katika hukou ya mama, shule inapatikana, lakini China haitambui uraia wa nchi mbili. Kiti cha darasani kinalipiwa kwa pasipoti.

Ndiyo maana wengi wetu tumefanya kama yule baba wa Hunan. Tumewaacha watoto kwa bibi zao Tanga, Kisumu na Bukoba, na tunawaona kwenye simu. Tumezoea kusema "watoto wako nyumbani wanasoma". Mchina wa kijijini naye husema hivyo hivyo. Sisi nao tuna liushou ertong wetu, ila hatujawapa jina.

Sitegemei sheria ya China ibadilishwe kwa ajili yangu, na nchi ina haki ya kuanza na raia wake. Ninachowaomba wasomaji ni kidogo. Wengi wetu tunachangia madarasa huko nyumbani, na baadhi yetu tutarudi kukaa katika kamati za shule na mabaraza ya madiwani. Siku mtakapoambiwa kwamba nafasi hazitoshi, kabla ya kuuliza ni mifuko mingapi ya saruji inatakiwa, ulizeni kwanza: mlimhesabu nani? Mlimhesabu mtoto wa mpangaji, wa mama lishe aliyehamia mwezi jana, wa mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa? Kama hawakuhesabiwa, rudini mkahesabu upya, kisha ndipo mjenge.