Aliyetubu Kisha Akaanguka

Katika darsa yetu hapa Nakuru liliulizwa swali ambalo ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wanalijua vyema, kwani ni nadra mtaa usio na mtu wa namna hii. Mtu alikuwa mlevi, au mtumiaji wa unga. Akatubu, akavaa kanzu, akaonekana safu ya mbele kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne akarudi kule kule alikotoka. Je, toba yake ilikuwa ya kweli, au alikuwa akituchezea? Na akija tena, tumpokee au tumfukuze?

Wengi hujibu upesi: huyo mnafiki. Sisi twasema jawabu hilo lina makosa mawili, moja la elimu na moja la adabu.

Ama kosa la elimu, ni kuchanganya hukumu ya kitu na tiba ya mtu. Ulevi ni haramu, kidogo chake na kingi chake. Hapo hapana mjadala. Walakin tazameni jinsi ulivyoharamishwa. Kwanza, katika Sura ya al-Baqara, watu walielezwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha, katika Sura ya an-Nisaa, wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Mwisho, katika Sura ya al-Maida, ukakatazwa moja kwa moja. Izingatieni ile hatua ya kati. Sala ni tano, na baina ya adhuhuri na isha nafasi ni chache. Mwenye kutaka kuswali akili yake ikiwa timamu alikosa saa ya kulewa mchana kutwa. Basi siku yake ilipangwa upya kabla ya chombo chake kumwagwa. Sisi huisifu siku ile mvinyo ulipotiririka katika vichochoro vya Madina, tukaisahau miaka iliyoitangulia.

Huenda msomaji akasema: Je, wamruhusu mlevi wa leo apunguze polepole? Hasha. Sheria imekwisha kukamilika, na kila funda ni dhambi. Twasema tu kuwa mwenye kuacha leo ajue kazi yake imeanza leo, haikwisha leo. Wanazuoni wameitaja toba kwa masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Aliyeazimia kwa kweli ametubu. Akianguka baadaye, hiyo ni dhambi mpya itakayo toba mpya. Haiifuti ile ya kwanza.

Na kwamba kukiondoa kileo peke yake hakutoshi, tumeliona kwa macho yetu. Mwaka 2010 Kenya ilipata sheria ya vileo iliyoitwa kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, katika bonde letu hili hili. Iliamuru baa zisifunguliwe siku za kazi kabla ya saa kumi na moja jioni. Nia ilikuwa njema. Walakin sheria yaweza kufunga mlango hadi saa kumi na moja. Haiwezi kumfundisha mtu afanye nini saa kumi na moja ikifika. Huko pwani nako, mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga uliadimika. Watumiaji waliteswa na arosto, na wako waliogeukia vidonge na vileo vingine. Kitu kilitoweka, na kiu ikabaki.

Mwili una haki yake. Mlevi wa miaka mingi akikata pombe ghafla aweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Basi apelekwe kwa tabibu, asifungiwe chumbani kwa jina la toba. Na mwaka 2015 zilifunguliwa zahanati za methadoni Malindi, kisha Kisauni, Mombasa, ambako mgonjwa huja kila siku kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kwa miezi, pengine kwa miaka. Wako wanaowacheka kuwa wamebadilisha unga kwa unga. Dawa iliyopimwa na tabibu si sawa na sumu ya kichochoroni, na mtu aendaye kila asubuhi kutafuta uzima wake hastahiki kuchekwa.

Baada ya mwili yabaki maisha. Katika hadithi sahihi tumesimuliwa juu ya mtu aliyeua watu mia, kisha akataka kutubu. Mwanachuoni hakumwambia ajute tu; alimwambia aihame nchi yake, kwani ni nchi ya uovu, aende kwa watu wema. Akafa njiani, hajafika, na malaika wa rehema wakamchukua. Ndugu zangu, alihesabiwa kwa njia aliyoishika, si kwa mji aliofika.

Ama kosa la adabu, jawabu lake limo katika Sahihi ya Bukhari. Mtu mmoja aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa ulevi mara nyingi, na kila mara akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akakataza kulaaniwa kwake, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mungu na Mtume wake. Angalieni: adhabu haikuondolewa, na mapenzi yake hayakukanushwa. Sisi tumegeuza: hatumsaidii kuacha, na imani yake twaivua.

Basi yatupasa nini? Mwenyewe ajue kuwa hapana awezaye kuacha kwa niaba yake: abadili njia ya kurudia nyumbani, abadili marafiki, na saa zake za jioni azipe kazi. Nasi tumpe hiyo kazi. Mwenye duka amwajiri, hata kwa vibarua vya siku. Mwenye darsa amwekee nafasi baina ya magharibi na isha, saa ambayo baa imekwisha kufungua mlango wake. Na akianguka, aendewe siku ile ile, kabla aibu haijamfungia ndani. Mwenye kumwita mnafiki amemfungia msikiti, na baa haimfungii.

Mwenyezi Mungu atupe sisi na wao thabati. Amin.