Kuchagua au Kukimbia?

Walimu wa lugha tuna kosa moja tusilopenda kulitaja: twafurahi mwanafunzi mwenye akili anapoacha hisabati na kuja kwetu. Twamsifu kwamba amechagua vema. Lakini je, amechagua, au amekimbia? Yafaa tulitafakari swali hili, nami nitatumia mfano wa hapa Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru.

Katika sekondari za Zambia hisabati ya kawaida imekuwa lazima kwa wote, na Hisabati ya Ziada imekuwa ya hiari katika madarasa ya mwisho. Mtaala wa mwaka 2023 umepanga pia Kidato cha Tano na cha Sita. Kwa hiyo swali la nani asome hisabati za juu litazidi kutukabili. Wenzetu wa Tanzania wanalijua siku nyingi: kijana achaguaye Fizikia, Kemia na Hisabati huachana njia mapema na mwenzake wa Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia binti mmoja. Mama yake alikuwa amevuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, akawa anauza samaki wakavu Kashikishi. Ndiyo maana tulizungumza Kiswahili.

"Mwalimu, naomba ushauri. Nichukue Hisabati ya Ziada au niache?"

Nilikuwa nimezisoma insha zake. Nikamjibu upesi: "Mwanangu, wewe ni mtu wa lugha. Ya nini kujitia mashakani?"

Akaacha. Cheti chake kilikuwa kizuri, nami nikajisifu. Baadaye aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, ulijuaje kwamba nisingeweza?" Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuliona daftari lake la hesabu.

Atasema mtu: alama mbaya yaweza kumnyima kijana nafasi ya chuo, na mzazi maskini hana mali ya kubahatisha. Ni kweli, na mshauri asiyeyataja hayo hasemi kweli yote. Lakini kumweleza mtu uzito wa mzigo ni jambo moja. Kumtangazia kwamba mabega yake hayafai ni jambo jingine. La kwanza humpa hiari, la pili humpokonya.

Tena hisabati hizi si pambo la wasomi. Katika miaka ya 1940 mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga mayai, alivuliwa mno hata akaadimika. Siku hizi uvuvi hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Lakini ni samaki wangapi waweza kuvuliwa pasipo kumaliza mbegu? Hilo ni swali la kasi mbili, ya kuzaliana na ya kuvua, na kasi inayobadilika ndiyo hasa isomwayo katika hisabati za juu. Mtoto wa mvuvi anayezuiwa kuingia humo anazuiwa kuihoji kwa hoja sheria inayofunga nyavu za baba yake.

Je, nasema kila kijana azisome? La hasha. Wala sidai kwamba lugha ni somo la chini. Nasema tu kwamba woga hauchagui, na kwamba lugha nayo hudhalilishwa inapofanywa kimbilio la waliotishwa. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi, walimu wenzangu, kijana akituomba ushauri, tumwambie kwanza akae wiki chache katika darasa la hisabati, aonje mwenyewe, kisha aamue. Atakayekuja kwetu baada ya hapo atakuwa amekuja kwa hiari yake. Na atakayebaki huko, tusimhesabu kuwa tumempoteza.