Dengu za Esau

Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili huja hata kwetu Wakristo wachache tunaoishi Chokocho: chama kipimwe kwa haki kinazozilinda, au kwa umaskini kinaoupunguza? Baadhi yetu husema kura hailiwi. Wengine husema shibe ya asiye na sauti si shibe. Hatuandiki kumwambia mtu amchague nani, ila tujifunze kutumia mizani moja kwa vyama vyote.

Tutazame yaliyotokea hapa Zanzibar. Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alifuta uchaguzi mzima. Uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF, chama kilichokuwa na nguvu kubwa Pemba, kilisusia. Aprili ya mwaka huo huo, serikali ya CCM ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa utaratibu usiouliza chama cha mtu. Kura ya mzee ilifutwa, kisha fedha zikawekwa mkononi mwake. Je, la pili linalipa deni la la kwanza?

Wapo wanaosema fedha ile si kitu. Kwa aliyeshiba ni rahisi kusema hivyo. Mjane anayenunua unga kwayo anajua thamani yake. Wapo pia wanaosema apewaye ashukuru na anyamaze. Hapo ndipo tukumbuke habari ya Esau.

Tumezoea kumlaumu Esau kwa kuuza haki ya mzaliwa wa kwanza. Tumwangalie na Yakobo. Chungu kilikuwa mekoni, na ndugu yake alikuwa amerudi hoi kwa njaa. Dengu zilikuwa chakula kizuri. Ubaya ulikuwa katika bei. Ndugu hamtozi ndugu yake haki yake kwa sahani ya chakula. Tena Yakobo alitoa chakula alichokipika mwenyewe, lakini hazina ya serikali imejazwa pia na jasho la mkulima wa karafuu, anayeliuzia shirika la serikali mavuno yake. Mzee anapolipwa pensheni, anapata haki yake, wala hadaiwi kimya.

Kwa mizani hiyo, kila chama kina hesabu ya kutoa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ASP iligawa eka tatu tatu kwa wakulima na kufanya elimu kuwa bure. Lakini Zanzibar ilingoja hadi 1980 kuwachagua wawakilishi wake. Januari 2001, chini ya CCM, watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano ya CUF, wengi wao Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya. CUF ilidai haki, lakini miaka hiyo hiyo wafuasi wa pande zote mbili walisusiana maduka na hata mazishi. Makosa haya hayalingani uzito, ila yote ni makosa. Na tangu 2010 CUF nayo ilikaa katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Umaskini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulishuka kutoka asilimia 34.9 mwaka 2009/10 hadi 30.4 mwaka 2014/15, lakini Pemba ikabaki maskini kuliko Unguja. Hilo waulizwe wote wawili.

Mkate usio na haki huweza kuondolewa kesho, na asiwepo wa kuuliza. Haki isiyo na mkate huuzwa siku ya njaa. Asitulazimishe mtu kuchagua kimoja.

Nasi, wapendwa, tuanze na chungu chetu wenyewe. Mchele wa sadaka unapogawiwa, tusiulize kadi ya chama wala dini ya jirani. Akila kwetu, aondoke na haki yake yote, hata ile ya kutupinga.