Kipimo na Ushahidi Wake

Kipimo ni shahidi, na kila shahidi ana mpaka wa alichokiona. Neno hili hukubaliwa upesi barazani, lakini husahauliwa upesi zaidi mezani pa fundi. Mfano wake mwema ni pawa saplai, kile kisanduku kigeuzacho umeme wa ukutani kuwa umeme wa volti 12, 5 na 3.3 ufaao kompyuta. Kompyuta ikizimika ghafula, fundi hukichomoa kisanduku, hukiunganisha na testa, akangoja. Taa ya kijani ikiwaka, hutamka: "Pawa saplai ni nzima." Je, fundi ameuona uzima, au ameiona taa?

Kanuni ya ATX, ambayo Intel iliitoa mwaka 1995, yataka njia ya volti 5 isishuke chini ya 4.75 wala isipande juu ya 5.25, na mawimbi yake yasizidi milivolti 50. Testa nyepesi husoma volti, lakini haitwishi mzigo wa kutosha. Kisanduku cha wati 500 huulizwa wati chache tu, mfano wa mchukuzi aliyepimwa nguvu kwa kubebeshwa unyoya. Kapasita iliyokaushwa na joto huweza kuishika volti wakati wa raha. Prosesa na kadi ya picha zikidai umeme kwa pamoja, volti huporomoka. Mawimbi nayo hujificha ndani ya wastani usomwao na multimita, mpaka osiloskopu iyafichue.

Kwa hiyo majibu mawili ya testa hayalingani uzito. Isemapo "mbovu," imeona jambo. Isemapo "nzima," imesema tu kwamba haikuona ubovu. Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alionyesha tofauti ya namna hii katika sayansi: mifano mingi haithibitishi kanuni ya jumla, lakini mmoja ulio kinyume huweza kuipindua.

Pengine mtu atasema kuwa, ikiwa kila kipimo kina upungufu, vipimo vyote vitupwe. La. Upungufu wa taa si sababu ya kutembea gizani. Fundi aweza kutia pawa saplai nyingine ijulikanayo kuwa nzima, kisha aipe kompyuta kazi ileile iliyoizima. Hata hapo ajihadhari, maana huenda dawa ilikuwa kule kuchomeka upya waya uliolegea.

Basi kosa halimo katika testa. Limo katika ulimi upitao ushahidi wake. Mwenye kompyuta akiambiwa "nzima," huenda akanunua ubao mkuu mpya kwa fedha ya karo, na ubovu ukabaki palepale. Gharama ya neno lililozidi hulipwa na asiyelinena. Fundi mwaminifu husema: "Kwa kipimo hiki sikuona ubovu, mzigo sijautwisha." Kauli hiyo humpunguzia fahari, lakini humwongezea heshima.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walijua kuwa raha haimpimi mtu. Lakini asiyepatwa na dhiki bado haitwi mwongo wala mkweli, huitwa asiyepimwa. Kulitamka jina hilo, bila kuliongeza wala kulipunguza, ni sehemu ya haki.